Babu Aliyekufa kwa Kiingereza

Ramnik Kaur, jirani yetu huku karibu na mji wa Moga, alizaliwa na ubishi. Kwa Kipunjabi angembishia muuza mboga mpaka mtu wa watu amwongezee koliflawa ili tu amwache aende zake. Kwa Kiingereza alikuwa bubu. Alishafeli mtihani wa kuzungumza mara mbili, na bila alama zile hakuna chuo cha Kanada ambacho kingemtazama.

Ndipo Mwalimu Bedi, mwenye darasa la Kiingereza juu ya duka la mbolea, alipoleta habari kwamba msimu huo watahini wanauliza habari za baiskeli. Eleza baiskeli yako ya kwanza.

"Lakini mwalimu, mimi sijawahi kupanda baiskeli," Ramnik akasema. "Kwetu kuna trekta."

"Nani kakuuliza kwenu kuna nini? Kariri!"

Darasa zima likakariri hadithi moja: baiskeli nyekundu, zawadi ya babu mpendwa, ambaye alifariki jioni ileile akitabasamu. Mwalimu alikitilia mkazo kile kifo. Mtahini akihuzunika, alisema, hasikii makosa ya sarufi.

Siku ya mtihani Ramnik alisindikizwa hadi mji wa Jalandhar na babu yake, mzee Bakhtaur Singh, mwenye kilemba cha rangi ya machungwa na sauti ya kuitia ng'ombe wa kijiji cha pili. Alibeba kopo la samli ampe mtahini. Walinzi wa hoteli ulimofanyiwa mtihani wakamwambia akae bustanini.

Mtahini alikuwa mama wa makamo, macho yamemchoka. Ramnik akaanza kumimina: "Ningependa kukusimulia juu ya baiskeli nyekundu niliyozawadiwa na marehemu babu yangu..."

Yule mama akaweka kalamu chini. "Alifariki jioni ileile?"

"Ndiyo."

"Akitabasamu?"

Ramnik akakumbuka kwamba wenzake walikuwa wametangulia kuingia tangu asubuhi.

"Pole," mtahini akasema. "Mababu wa Moga wanakwisha."

Kioo kikagongwa. Dirishani kilemba, ndevu, kopo.

"Ramnik! Mwambie mama ni samli ya nyumbani! Haijachanganywa na kitu!"

"Ni nani huyo?"

Ramnik akatafuta uongo kwa Kiingereza, akaukosa. "Babu yangu."

"Yule aliyefariki?"

"Ndiyo."

Kisha aibu ikageuka hasira, na hasira ikamfungua kinywa. Akasema babu yake hafi hata akibembelezwa. Kwamba hakumpa baiskeli, alimpa ndama, tena mwenye mateke. Kwamba hadithi ni ya mwalimu. Mtahini akauliza kama baiskeli si nzuri kwa afya. Afya gani, Ramnik akabisha, kwenye barabara yenye malori ya miwa? Sarufi ilipondeka vibaya, lakini maneno hayakukatika. Alipoambiwa muda umekwisha, alisema bado hajamaliza.

Samli ilikataliwa kwa heshima. Ndani ya basi mzee akauliza yule mama alikuwa akicheka nini, na Ramnik akamweleza yote.

"Kwa hiyo nimekufa?"

"Kwa Kiingereza tu, babu."

"Ukalia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

Mzee akalipakata kopo lake, akatazama nje ya dirisha mpaka nyumbani. Kesho yake hakuamka kukamua. Alilala kitandani uani, shuka mpaka kidevuni.

"Maiti hakamui," akasema.

"Maiti ndiye kaagiza chai yenye tangawizi?" mkewe akamuuliza.

Hakuinuka. Alitaka aliliwe, basi. Mwishowe Ramnik, amechoka kukamua peke yake, akaketi kando ya kitanda, akajifunika ushungi na kuangua kilio. Sisi majirani tukakimbilia huko, mama yangu tayari analia njiani. Tulimkuta mzee ameketi, anamwelekeza mjukuu: "Taja na ukarimu wangu. Hujataja ukarimu."

Mama alimtukana mzee mbele ya watu wote, kisha akanywa chai yao.

Alama zilipotoka, Ramnik alikuwa amefaulu. Mwalimu Bedi akabandika picha yake dukani. Bibi akazitazama zile alama kwenye simu, akauliza Kanada ni mbali kiasi gani, na alipojibiwa akaingia jikoni, akafunga mlango. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba Ramnik ataondoka.