Mstari wa Mwisho Ulikuwa Nyuma ya Sketi

Fundi miwani huyu alikuwa na mikono ya sifa. Mpelekee fremu iliyokaliwa na mtu mwenye makalio mazito, atakurudishia imenyooka kama imetoka kiwandani jana. Lenzi aliisaga kwenye jiwe lake la umeme kwa kusikiliza. Sauti ikibadilika, anajua ukingo umefika. Wala si kumvisha kilemba cha ukoka. Waliovaa kazi yake wapo, na wanaona.

Duka lake lilikuwa chumba kirefu chembamba. Mlango mbele, basi, dirisha hakuna. Karibu na mlango palikuwa na kabati la fremu, katikati meza ya kazi, na ukuta wa mwisho ulikuwa na taa moja na chati ya herufi: herufi kubwa peke yake juu kama mwenye nyumba, halafu zinapungua mstari kwa mstari hadi chini kabisa, ambako zilikuwa kama chawa waliopanga foleni. Pembeni ya chati, mke wake alikuwa na cherehani na sare za shule za watoto wa mtaa mzima.

Kila siku, masomo yakiisha, aliingia humo binti yao wa pekee. Miaka tisa. Nyumbani walimwita Profesa, na jina hilo alilipata kabla meno ya utotoni hayajamtoka, kwa sababu akikalishwa na kitabu hainuki mpaka atikiswe. Fundi alijivunia utulivu huo kuliko jiwe lake la kusagia. Watoto wa wenzake wanakimbizana, magoti yamechubuka, sauti zimekauka. Wake yuko chini ya meza ya kazi, ametulia kama maji mtungini, kitabu shibiri moja kutoka puani.

"Huyu sijawahi kumtafuta mtaani hata siku moja," aliwaambia wateja, kana kwamba wao wamepoteza wa kwao.

Sifa ya pili ilikuwa macho ya binti. Mteja akisitasita kupimwa, fundi alimwita mtoto asimame kwenye alama ya utepe sakafuni. Binti anaziba jicho la kushoto kwa kiganja, anazisoma herufi zote hadi wale chawa wa chini, anabadilisha jicho, anazisoma tena. Hakwami, hakohoi. Fundi anakunja mikono kifuani, anamtazama mteja kwa huruma.

Shuleni hawakuvutiwa. Mwalimu aliandika barua kwamba mtoto huinuka kwenda hadi mbele kusoma ubaoni, na akikaa anakunja uso. Ile ya kwanza fundi aliicheka. Ya pili aliijibu kwa maandishi: yeye ndiye anayepima macho ya mtaa huu, na kama kuna shida basi labda iko kwenye mwandiko wa mwalimu. Alimpa mkewe aisome kwanza.

"Baba Profesa," mke alisema, bado ana pini mdomoni, "una hakika?"

"Nisipokuwa na hakika na macho, nitakuwa na hakika na nini? Ndoo?"

Barua ikaenda.

Jumamosi moja mpiga picha wa duka la jirani alikuja kukaziwa skrubu ya miwani yake. Alikuwa mtu mrefu, mdomo hauna breki, kazi yake kuwaambia watu watulie wakati yeye mwenyewe hatulii. Akasema miwani anayo ya kutosha, kupimwa tena hataki. Fundi, macho yake kwenye skrubu, akaita, "Profesa, mwonyeshe mjomba wako."

Binti akasimama kwenye utepe. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, akashuka, akamaliza. Mpiga picha hakusifu. Alisubiri mpaka jicho la pili nalo likamaliza.

"Fundi."

"Sema."

"Mtoto wako anasoma hadi ndani ya nguo."

Fundi akageuka. Asubuhi ile mkewe alikuwa amepiga pasi sketi ya shule na kuitundika kwenye msumari wa karibu, kama anavyofanya kila mara. Safari hii ilikuwa sketi ya msichana mkubwa, yenye marinda mapana. Ilifunika nusu nzima ya chini ya chati.

Mke akasimamisha cherehani.

"Pale chini umeona nini?" fundi aliuliza.

"Pale chini huwa sioni, baba," binti alisema. "Pale chini huwa nasema."

"Unasema?"

"Si ndivyo inavyosomwa? Nilidhani kila mtu anaijua."

Na kweli alikuwa anaijua. Alijifunzia herufi kwenye chati hiyo hiyo akiwa na miaka mitatu, amekaa mabegani mwa baba yake, na baba ndiye aliyekuwa akinyoosha kidole. Mtoto wa mwashi asingeliweza kosa hilo, wala wa mwalimu. Lilihitaji fundi miwani mwenye chati moja tu tangu afungue duka, na mwenye kujua kila kitu.

Mpiga picha akachukua miwani yake na, jambo la ajabu, akaondoka bila neno.

Fundi alimpima upya kwa lenzi za majaribio, na herufi alizoandika papo hapo kwenye karatasi. Hasi mbili na nusu, macho yote mawili. Maana yake, bila miwani, dunia ya mtoto huyu ilikuwa inaanza kuyeyuka chini ya nusu mita kutoka usoni. Alimsagia lenzi siku hiyo hiyo. Binti alipozivaa mlangoni, alitazama upande wa pili wa barabara kwa muda, kisha akasema, "Kumbe paa lile ni la mabati. Lina mistari."

Fundi alimwandikia mwalimu barua nyingine, fupi. Hiyo hakumpa mtu aisome.

Kama mambo yangeishia hapo, ingekuwa hadithi ya sketi tu. Lakini miezi sita baadaye kipimo kikawa hasi tatu na robo. Miezi sita tena, hasi nne. Watu wengine wakizidi namba, fundi aliwasagia akipiga mluzi. Sasa kila lenzi ya binti ilikuwa nene pembeni kuliko iliyotangulia, na aliisikia kwenye jiwe. Sauti ilichelewa kubadilika. Akapiga hesabu hasi ngapi zitakuwa akifika miaka kumi na minane. Akaacha kupiga hesabu.

Akampeleka hospitali kwa daktari wa macho, mama mmoja mkavu asiyependa porojo. Daktari akamtia mtoto matone, akapima, akakubali: nne. Halafu akauliza swali ambalo fundi hakulitarajia.

"Kwa siku anakaa nje saa ngapi?"

Fundi akahesabu kwa sauti. Nyumbani hadi shuleni, dakika kumi. Shuleni hadi dukani, dakika saba.

"Na mapumziko?"

"Nasoma darasani," binti akajibu. "Nje kuna mpira unapiga watu."

"Halafu dukani?"

"Anatulia," fundi akasema.

Daktari akaandika huku akiongea. Jicho la mtoto linakua, na kwa wengine linakua kwa urefu kupita kiasi. Anayeshinda ndani na kitabu puani yuko kwenye hatari zaidi. Mwanga wa mchana husaidia kulizuia mapema. Kwa aliyekwisha anza huenda ukapunguza kasi, hakuna anayeweza kuahidi. Akae nje saa mbili kila siku, kivulini panatosha, jua lenyewe asilitazame. Kilichokwenda hakirudi.

"Mimi dukani nina taa kali," fundi alisema.

"Kaipime," daktari akamjibu.

Akaipima. Mpiga picha alileta kipima mwanga chake cha zamani, akakiweka chini ya meza ya kazi, pale pale penye mto wa Profesa. Mia moja na ishirini. Wakatoka hadi chini ya turubai la mlangoni, kivulini. Elfu tisa.

"Rudia," fundi akasema.

"Nirudie mara ngapi? Umemfuga mtoto kabatini, ndugu yangu. Kabati zuri, lakini kabati."

Kuanzia siku hiyo, saa kumi kamili fundi alifunga duka. Mtu ambaye alikuwa hafungi hata akiumwa jino. Saa mbili nzima, yeye na binti, kwenye uwanja ulio nyuma ya maduka. Wateja walilalamika, akatundika kibao mlangoni: FUNDI YUKO NJE, MFUATE. Wengine walimfuata, wakakaziwa skrubu wamesimama nyasini.

Tatizo likawa mtoto. Hakujua kucheza. Wiki ya kwanza alikaa ukutani na kitabu. Ya pili fundi alimwambia amsomee vibao vya mbali, kwa sababu yeye haoni vizuri.

"Baba, wewe mbali unaona. Usiyoyaona ni ya karibu. Jana ulishika risiti kwa mkono ulionyooka kama mlingoti."

"Nani amekwambia?"

"Mimi sioni mbali, wewe huoni karibu. Tukichanganywa tunapata mtu mmoja mzima."

Mwezi wa tatu, wasichana watatu waliokosa mtu wa kuwashikia kamba wakamwita. Alikwenda kushika tu. Baada ya siku chache alikuwa anaruka, vibaya sana, na kitabu kimeachwa kwa fundi, ambaye alikishika kwa mkono ulionyooka.

Mwaka ulipotimia, fundi hakujiamini. Alimwomba mkewe akate herufi kwenye mabaki ya vitambaa vya sare na kuzibandika kwa mpangilio asioujua yeye wala mtoto. Mke akazibandika ukutani, akasimama kando kama mlinzi. Binti akasoma. Fundi akabadilisha lenzi, akarudia, akabadilisha tena, akarudi nyuma. Mke hakushona hata mshono mmoja.

"Nne na robo," fundi alisema.

Robo moja kwa mwaka mzima. Mwaka uliopita ilikuwa moja na nusu. Huenda ni uwanja, huenda ni umri, huenda mwakani ikaamka tena. Daktari alisema vivyo hivyo walipompelekea kadi, na aliithibitisha namba.

"Imepona?" binti aliuliza.

"Haijapona. Imepunguza mwendo."

"Basi nipate miwani mpya?"

"Hii hii itakutosha kwa sasa."

Binti akatazama saa ya ukutani, ambayo aliweza kuisoma kutoka kwenye utepe, na hakuwa ameikariri. Akachukua kamba juu ya mto wake wa zamani, akatoka mbio. Fundi akasikia mlango ukimgonga mtu. Alikuwa mpiga picha, akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawatulii.

Fundi alivaa kofia, akageuza kibao, akafunga.