Sikio la Bati

Eufrazia alitoka Masasi akiwa na cheti cha darasa la saba na sauti ambayo kwaya ya kigango ililia kuikosa. Kaka yake Kasimiri alikuwa amemtangulia Dar es Salaam. Alipanga chumba Mtoni, upande wa Temeke, na uani alichonga vinyago vya mpingo ambavyo alivipeleka mjini kuwauzia wageni. Alimwita dada yake aje ampikie. Eufrazia akaja, lakini kilichomleta hakikuwa chungu cha Kasimiri. Alikuwa amesikia kwamba serikali inatafuta walimu.

Taifa zima lilikuwa limetangaziwa kwamba kila mtoto lazima asome. Watoto walikuwepo tele, na madarasa yalikuwa yakiinuka kwa nguvu za wazazi, tofali juu ya tofali. Walimu ndio hawakuwepo. Ikaamuliwa kwamba vijana waliomaliza darasa la saba wajifunze ualimu hukohuko kazini: asubuhi wasome, mchana wafundishe, na mwisho wa miaka mitatu wapimwe. Mpango uliitwa UPE, na watu wa mtaani, wasiokosa la kusema, waliwaita Ualimu Pasipo Elimu. Eufrazia alilisikia jina hilo akacheka. Siku hizo alikuwa bado anasikia kila kitu.

Chuo chao kilikuwa redio. Ilikuwa kubwa, ya mbao, mali ya kata, na mkufunzi wao Mwalimu Gozbert, Mhaya mrefu asiyekosa shati lililopigwa pasi, aliibeba kifuani mwenyewe kama mtu abebavyo kichanga. Aliiweka mezani, akavuta waya wa eriali hadi dirishani, akainua kidole. Hapo hata kukohoa ilikuwa kosa. Sauti ya mwalimu wa redioni ilieleza namna ya kufundisha kugawanya, namna ya kumwanzishia mtoto herufi, kisha ikaaga. Haikurudia. Aliyedaka amedaka, aliyekosa shauri yake.

Mwaka wa pili ulipoanza, Eufrazia akaanza kukohoa. Mwanzo alisingizia vumbi la chaki. Siku aliyoona damu kwenye leso, Kasimiri alimpeleka zahanati mwenyewe, wakaambiwa ni kifua kikuu. Akapangiwa sindano, kila asubuhi, wiki kwa wiki, mpaka akawa hajui akae upande upi. Kikohozi kikaisha, mwili ukarudi. Lakini masikioni mwake waliingia nyenje. Walilia mchana na usiku, na kadiri walivyolia ndivyo dunia nyingine ilivyonyamaza. Jumapili moja kiongozi wa kwaya aliyokuwa akiimba huko Mtoni alimshika bega taratibu akamtoa mstarini. Alikuwa bado anaimba wimbo ambao wenzake walikwisha kuumaliza.

Daktari alimwandikia kwenye kipande cha karatasi, maana kusema hakukusaidia tena: sindano imeponya kifua, imekula masikio, na kilicholiwa hakirudi.

Hakumwambia mtu kazini ila Mwajabu, binti wa Kizaramo wa Tandika aliyekaa naye dawati moja. Mwajabu hakuuliza maswali. Alianza tu kuandika kwa herufi kubwa na kusogeza karatasi yake upande wa mwenzake. Wakahamia dawati la mbele, na Eufrazia akawa anaweka kiganja juu ya redio. Mbao zilitetemeka chini ya vidole vyake, akajua kwamba mtu anasema, lakini asijue anasema nini.

Gozbert hakuwa mjinga. Siku moja kipindi kilipokwisha alimwashiria abaki, akasimama mbele yake, uso kwa uso, akasema polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu nimalize sindano, mwalimu."

"Nani anajua?"

"Mwajabu tu."

"Basi iishie hapo. Habari hii ikifika juu, jina lako linafutwa kesho yake. Na mimi watoto nimejaziwa, walimu sina."

Eufrazia alimshukuru karibu apige magoti. Gozbert hakuishia hapo. Alikuwa na padri mzee aliyejuana naye, mlezi wa kituo kimoja cha viziwi, na kwake alipata kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kiberiti cha jikoni. Kilikuwa na kamba ya kuning'iniza kifuani na waya uliopanda hadi kwenye kizibo cha sikio. Kiziwi aliyekitumia kusikia alikuwa amefariki. Eufrazia alikifuta kwa mafuta ya taa, akakivaa uani kwa kaka yake, akageuza kigurudumu kidogo cha pembeni. Kitu cha kwanza kusikika kilikuwa patasi ikila mpingo. Alikaa chini mchangani akalia, na Kasimiri, asijue la kufanya, akaendelea kuchonga ili asimkatize.

Kisanduku hakikuwa sikio, hata hivyo. Sikio huchagua, lile bati lilimeza yote: dawati likiburutwa, mvua juu ya paa, hata gauni lake mwenyewe likisugua. Darasani palikuwa na watoto waliobanana hadi mlangoni, na wakisema pamoja alisikia kishindo kimoja kama cha lori. Hapo Eufrazia alitumia akili. Alimwomba Kasimiri amrandie vibao vya mbao laini, akavipaka masizi yaliyochanganywa na majani yaliyotwangwa, kila mtoto akapata chake. Akiuliza swali, hawakujibu kwa mdomo. Waliandika kwa chaki, wakainua. Mwenye neno la kusema alisimama, akageukia dirisha ili mwanga umpige usoni, akasema akimtazama. Watoto waliuzoea mtindo huo haraka kuliko ambavyo watu wazima wangeuzoea. Wakawa hata wakigombana uwanjani wanageukia jua kwanza. Kuhusu kisanduku walikuwa na maelezo yao, kwamba mwalimu wao anasikia kwa kifua, na waliyasema kwa majivuno.

Mwalimu mkuu alipita siku moja, akaona vibao vyote vimeinuka pamoja, akamwambia Gozbert kwamba hajaona darasa ambalo kila mtoto anajibu kila swali.

Halafu vita ikaja. Adui alikuwa ameingia Kagera, vijana wakapanda malori, na madukani vitu vikaanza kupotea kimoja kimoja: sabuni, unga, kisha mawe ya redio, yaani betri. Kisanduku nacho kilikula mawe, yale madogo. Mwajabu alipanga foleni kwa ajili ya shoga yake kila aliposikia yameletwa, akarudi mikono mitupu. Ikabidi Eufrazia akiwashe wakati wa kipindi cha redio tu. Darasani alifundisha kikiwa kimezimwa, akitegemea vibao na midomo ya watoto.

Mtaani balozi wa nyumba kumi, Mzee Mwinjuma, alipita akisisitiza watu wawe macho, maana adui ana masikio kila mahali. Watu wakawa macho. Wakamwona mwanamke mgeni, si wa hapa, mwenye kisanduku kifuani na waya unaoingia chini ya kitambaa cha kichwa. Anasalimiwa haitikii. Kila asubuhi yuko kwenye redio ya kata, ameiegemea. Nani aliyelisema la kwanza haikujulikana, na baadaye kila mtu aliapa si yeye.

Walikuja wakati wa somo la hesabu, mgambo wawili. Eufrazia alikuwa ameelekea ubaoni. Alichohisi ni mkono kwenye kola. Watoto walisimama wote na vibao vyao, na mmoja wa wale wanaume alimvua kisanduku mbele yao, akakishika mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika nyoka.

Ofisini kwa katibu wa tawi la chama walimketisha kwenye benchi. Katibu alikuwa na masharubu mazito, na mdomo uliokuwa chini yake haukusomeka. Eufrazia aliona masharubu yakipanda na kushuka. Alijaribu kueleza, lakini yeye mwenyewe hakujua sauti yake inatoka kwa nguvu kiasi gani, na wale wakaona anawafokea. Katibu akaonyesha kisanduku, akauliza kitu. Eufrazia alidhani anaulizwa kama ni chake.

"Ndiyo," akasema.

Swali lilikuwa kama anakitumia kuzungumza na watu wa nje. Hilo aliambiwa baadaye na Kasimiri.

Alilala mahabusu. Asubuhi Gozbert aliitwa, akaja pamoja na Kasimiri. Neno moja lingetosha: huyu hana tabu ila ya masikio, na hicho ni kifaa cha kumsaidia. Lakini kulisema ofisini, mbele ya katibu, ilikuwa sawa na kulipeleka juu, na angeulizwa tangu lini anamwachia kiziwi afundishe. Gozbert alisimama pale na shati lake safi, akafikiri, akasema, "Ni kifaa cha kufundishia, ndugu katibu. Cha somo la sayansi."

"Kinafundisha nini?"

"Mambo ya umeme."

"Basi kifungueni, na sisi tufundishike."

Kasimiri alisema, "Bwana, msikifungue, dada yangu hasikii," lakini aliambiwa anyamaze, kwamba mwalimu ameshaeleza. Wakaingiza ncha ya kisu kwenye ukingo wa bati. Ndani mlikuwa na nyuzi nyembamba kama nywele, zikakatika. Waliridhika kwamba si chombo cha adui. Wakamwachia, wakampa kisanduku chake ndani ya bahasha ya kaki. Kasimiri alikaa nacho siku kadhaa, yeye ambaye mikono yake iliweza kutoa uso wa mtu kwenye gogo, asijue uzi upi ulikuwa wa wapi. Padri mzee alisema hana kingine.

Miezi ikapita, mtihani wa kufundisha ukafika. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, mpole wa sura. Alimsalimia Eufrazia mlangoni, na salamu hiyo Eufrazia aliidaka vizuri, akajibu. Kisha mkaguzi akaenda kuketi nyuma kabisa. Gozbert alisimama mlangoni.

Somo lilikuwa la sehemu: nusu, robo, robo tatu. Eufrazia aliuliza, vibao vikainuka. Alikosoa, akasifu, akamwita aliyekosea ajaribu tena. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri, na Mwajabu, aliyekuwa akingoja zamu yake nje ya dirisha, alianza kutabasamu. Kisha Eufrazia akageuka kuandika ubaoni, na mkaguzi akauliza swali kutoka nyuma. Ubao ukaendelea kuandikwa. Akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi.

Watoto walimpenda mwalimu wao. Waliona ameulizwa na hajasikia, wakafanya walichoweza. Mmoja aliandika harakaharaka kwenye kibao, akainua, na wengine wakafuata. Wengine wakainuka na kunyoosha vidole nyuma, darasa zima, vidole vyote vikimwelekea mkaguzi. Eufrazia alipogeuka alikutana na msitu ule wa mikono, na vibao vilivyoandikwa kwa mwandiko wa kitoto: MWALIMU UNAITWA.

Mkaguzi alikuja mbele polepole. Alimtazama Eufrazia, akavitazama vibao, akaelewa. Aligeukia mlangoni.

"Ulijua?"

Gozbert aliinua uso. "Sikujua," akasema.

Katika yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo Eufrazia alilolisoma bila tabu.

Mkaguzi hakuwa katili. Alimshika mkono, akamwambia kwa midomo iliyopanuka kwamba amefundisha vizuri. Lakini utaratibu ni utaratibu, na mwalimu asiyesikia hakuwamo ndani yake. Kabla ya mvua za masika Eufrazia alikuwa amekwisha kuondolewa. Mwajabu alifaulu, akapangiwa Rufiji. Walikumbatiana kituoni, na Mwajabu, aliyezoea kumwandikia, hakuandika kitu. Darasa lilipewa kijana mwingine aliyetaka majibu ya mdomo, kwa pamoja, kwa nguvu. Vibao vikakaa pembeni, mwishowe vikawa kuni za kuchemshia uji wa shule.

Gozbert alikuja nyumbani mara moja. Kasimiri alimpa kigoda, hakumpa chai. Mkufunzi alikaa uani, viwiko juu ya magoti, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Alikuwa ameinamisha uso, na maneno yote yakaangukia mchangani, katikati ya vibanzi vya mpingo.

"Mwalimu, inua uso," Eufrazia alimwambia. "Mie sikuoni unasema nini."

Alijaribu. Uso ulifika nusu, ukarudi chini. Akaendelea kusema vilevile, kisha akainuka, akakung'uta suruali, akaondoka.

Eufrazia alimgeukia kaka yake. "Kasemaje?"

Kasimiri alitazama mlango wa ua uliokuwa umeachwa wazi. "Kasema pole."

"Muda wote ule?"

"Pole tu," Kasimiri akasema, akachukua patasi.

Eufrazia alibaki Mtoni. Alipiga msasa vinyago vya kaka yake, na kwa kuwa hakuna kilichomshtua wala kumkatiza, wanunuzi walisema mng'aro wake hauna mfano. Wale aliowafundisha, walipokuwa wakipita, walisimama mbele yake, wakageukia mwanga, wakasema shikamoo kwa mdomo mzima, naye akawaitikia marahaba. Wadogo zao waliokuja baadaye hawakufundishwa hivyo. Waliamkia kutoka nyuma yake, mara moja, mara mbili, wakaona kimya, wakaenda zao wakiambiana kwamba yule mama wa vinyago ana maringo.