Ng'ombe Wanane wa Kaka Matonya

Mimi Tereza ndiye niliyemponza kaka yangu Matonya. Mpaka leo redio ikitaja thamani ya shilingi, naizima.

Mwaka themanini na tano mvua iligoma kijijini kwetu Haneti. Matonya alikuwa na ng'ombe wanane waliotoka kwenye mahari ya binti yake, akiwatunza ili mwanawe Luka amwoe mchumba wake Emilia. Nikamwambia, "Uza, weka benki. Ng'ombe atakufa kwa kiu, shilingi haifi." Nilijiona mjanja kweli, kisa nafua nguo za watu Dodoma mjini. Akauza wote, tukapanga kununua wengine mvua zikirudi.

Zikarudi, nyasi zikaota. Kaka akaenda mnadani, bei ikamtisha, akasema asubiri ishuke. Mnada uliofuata ikawa imepanda tena. Katikati ya mwaka redio ikatangaza kwamba shilingi imeshushwa thamani, na matajiri wakamiminika kununua mifugo kabla noti zao hazijapungua nguvu zaidi. Wakati huo baba yake Emilia alishasema anataka ng'ombe wanane kabla mavuno hayajaisha, la sivyo yupo mvuvi wa bwawa la Mtera anayemtaka binti. Pesa hataki hata kuziona.

Tukaenda benki. Nilijua tumeibiwa tu. Karani akafungua kitabu cha kaka, akasema hakuna hata senti iliyoguswa, tena riba imeongezeka. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mwizi ungempigia yowe, watu wakamkimbiza. Huyu sasa tungemkamatia wapi?

Kesho yake mnadani nikamwona Mabaka, ng'ombe wetu wenyewe, sikio limechanjwa vilevile alivyolichanja kaka. Tulimnunua kwa pesa ambayo mwaka uliotangulia tulipewa kwa watatu. Jioni tukaswaga ng'ombe watatu, basi, mfuko mtupu.

Njia nzima kaka hakunilaumu. Bora angenitukana, nami nikamjibu, kwa maana mdomo ninao.

Luka alikuwa juu ya paa la tembe, anasawazisha udongo wa chumba cha Emilia huku akipiga mluzi. Kaka akanikabidhi fimbo.

"Mwambie wewe, dada," akasema, akaingia ndani.

Nikabaki nimesimama uani. Luka alimtambua Mabaka, akacheka kwa furaha, kisha akainua shingo kutazama njia nyuma yangu, akiwangoja wale wengine.