Picha Iliyoliwa na Mwanga

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule Nyangwe, mwanangu, asubuhi niliyotolewa eda. Hata leo nikifumba macho hapa barazani Kasongo, naisikia baridi ya maji ya Lualaba miguuni, na sijui kama ni kumbukumbu au ni uzee unaoniotesha ndoto.

Jana ulirudi umenuna. Askari wa sokoni alikufutisha picha zako zote, na hospitalini nako wamebandika kibao cha kukataza simu. Ukasema, "Mama, kesho watatukataza hata kuangalia!" Nilicheka, lakini nililala nikiwaza.

Mume wangu wa kwanza aliitwa Amisi. Aliuza chumvi na sabuni, na alikuwa anacheka kwa mabega kabla ya mdomo. Homa ilimchukua tukiwa bado wageni katika nyumba yetu wenyewe. Nikakaa eda ndani, bila kuonwa na wanaume, hadi mama yake na wanawake wa mtaa waliponipeleka mtoni kuniosha. Walisimama ukingoni wameshika vitenge, wakanifanyia ukuta. Upande wa maji waliuacha wazi, maana wavuvi walikuwa wameambiwa wasipite.

Musafiri hakuambiwa. Huyo alikuwa mpiga picha wetu, kijana wa adabu, na asubuhi ile alikuwa anarudi kutoka ng'ambo kwa mtumbwi. Ukungu ulifunguka nikamwona ameinua kamera. Aliona uzuri tu, maskini: maji, vitenge, mwanamke aliyefumua nywele. Nikasikia mlio mdogo. Nikajikunja majini, natamani mto unimeze.

"Musafiri! Leta kile kintu hapa!" mama mkwe aliita.

"Mama, unisamehe. Lakini muto ni ya watu wote."

"Muto ni ya watu wote. Uyu mwanamuke si ya watu wote. Fungua hiyo apareyi, jua iingie."

Alisogeza mtumbwi, macho chini. "Mama, Amisi iko mule ndani. Nilimupiga foto siku ya Idi. Pelikile haijaisha, sijaituma Bukavu. Nikifungua, foto zote zinakufa."

Picha nyingine ya Amisi haikuwepo duniani. Musafiri akaapa kwamba zikirudi ataichana yangu. Lakini wale wa Bukavu wanaosafisha picha wangeniona kwanza, na kila ambaye zingepitia mkononi mwake njiani. Mama mkwe alikaa chini, pale pale matopeni. Mwanangu, yeye ndiye aliyemzaa Amisi. Nilidhani atasema basi, iache. Akanigeukia, akasema kwa sauti ndogo, "Sema weye, Mwamini. Ni weye alikupiga foto bila kukuuliza."

Nikasema, "Fungua."

Utepe wa ile pelikile ulitoka umejikunja, ukang'aa juani kidogo, basi. Tulilia sote, hata Musafiri. Mama mkwe akanifunika kitenge chake, tukapanda kwenda nyumbani polepole.

Sasa uso wa Amisi umenitoroka. Mabega yanakuja, kicheko kinakuja, lakini nikimwota huwa ameelekea mtoni, wala hageuki. Nimejuta? Ndiyo, nimejuta sana, na nimemlilia mara ya pili. Ila siku ile mtu aliniuliza, nami nikajibu. Tangu hapo nimetembea kichwa juu.

Kwa hiyo nisikilize. Vibao vitaongezeka. Vingine wakubwa wanavibandika ili kuficha yao, daraja bovu na mengineyo. Najua, mimi si mtoto. Hivyo bishaneni navyo, tena mchana kweupe. Lakini mgonjwa aliyelala kitandani, mama anayelia sokoni, mchimbaji dhahabu anayetolewa shimoni kule Salamabila, kwa hao usingoje kibao wala askari. Shusha simu, msogelee, mwulize. Akikubali, piga. Akikataa, mwombee kheri na upite zako.

Mungu akupe macho yenye haya, mwanangu, na mkono usio na haraka. Na siku utakapokosa nguvu ya kujifunika mwenyewe, akuletee mtu atakayekuuliza kwanza. Amina.