Nakala Elfu Tisa za Rogath

Pikipiki ilimshusha Sikudhani pale barabara ilipoishia, dereva akamwelekeza kijia kilichopanda katikati ya migomba. Alishatembea nchi nyingi akiandika habari za watu, lakini Mwika hakuwahi kufika.

Alikuja kumwandika Rogath, kijana aliyetengeneza mchezo wa simu uitwao Mfongo, ambamo mchezaji anagawa maji ya mfereji kwa koo mbili zisizosemezana. Tovuti moja ya Ulaya inayofuatilia mauzo ya michezo ilisema zimenunuliwa nakala elfu tisa. Sikudhani aliposoma hivyo, alimpigia simu mkuu wa ukoo kuomba kuja.

Uani aliukuta ukoo umeketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama, karibu." Mzee Elisaria, mkuu wa ukoo, akawageukia wenzake. "Ndiye huyu niliyewaambia. Ametoka huko kote kuja kumwona tajiri wetu!"

Watu walicheka. Rogath hakucheka. Yeye ndiye kitinda mimba, na kwa desturi nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka, ni vya kitinda mimba. Humo aliishi na mama yake, Mektrida, tangu baba yake afariki, na mchezo wake aliutengeneza katika chumba cha nyuma, ng'ombe akichungulia dirishani. Leo ukoo ulitaka ampishe kaka yake Primus, asiye na kitu.

"Baba mkubwa, nimeuza nakala hamsini na kitu. Hesabu ya duka lenyewe la mtandaoni hii hapa." Rogath alinyoosha simu.

Elisaria hakuipokea. "Hiyo iko kwenye simu yako. Ile ya Wazungu iko kwenye simu za dunia nzima. Nikuamini wewe unayejihesabia?"

"Wazungu hawaoni mauzo! Wanahesabu maoni yaliyoandikwa chini ya mchezo, wanazidisha kwa arobaini. Kwao, katika wanunuzi arobaini, anayejisumbua kuandika ni mmoja."

"Na sisi tuliandika," alisema Primus.

Kweli waliandika. Krismasi, ukoo mzima uliporudi nyumbani kutoka Dar, Arusha na Mwanza, Rogath aliwagawia mchezo bure, naye Elisaria akatangaza kwamba asiyemsifia mtoto hapati nyama. Zaidi ya watu mia mbili waliandika, hata mashangazi waliodhani Mfongo ni kampuni ya maji. Huko Ulaya kila shangazi akageuka wanunuzi arobaini.

"Kumbe mimi peke yangu nilikula nyama ya watu arobaini!" mmoja alipiga kelele, na kibuyu cha pombe ya mbege kikazunguka tena kwa vicheko.

"Mzee, anasema kweli," Sikudhani aliingilia. "Tovuti yenyewe inasema ni makadirio tu."

Elisaria alimtazama kwa upole. "Mama, ungepanda mpaka hapa kwa ajili ya wanunuzi hamsini?"

Asingepanda. Alifunga daftari lake, na kikao kikawa kimekwisha: nyumba ni ya Primus.

Rogath alimgeukia mama yake. Mektrida alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Wao sawa," alisema. "Lakini hata mimi, mwanangu? Hata mimi ulinificha?"

Rogath aliingia ndani, akatoka na begi la nguo na kompyuta mgongoni. Alisimama kidogo mbele ya mama yake.

"Ng'ombe hajala tangu asubuhi," alisema, kisha akapita kwenye ua wa masale mpakani bila kugeuka.

Sikudhani aliinuka amfuate. Mektrida alimshika mkono.

"Kaa, mgeni. Mtori haujaiva. Hutatoka kwangu na njaa."

Akakaa. Nyuma ya nyumba panga lilisikika likikata migomba. Primus alikwishaanza kumlisha ng'ombe.