Pumzi ya Ibouroi ndani ya tuba

Saa kumi alasiri, ukumbi wa mazoezi wa mtaa wa Tsaramandroso, mjini Mahajanga, una joto la kukausha mate. Ibouroi Athoumani amekaa kwenye kiti cha plastiki, tuba, lile baragumu kubwa la shaba, imemlalia mapajani. Anaigeuza, anamwaga maji yaliyojikusanya ndani, anaifuta kwa leso kuukuu ya mkewe.

“Haya,” anasema, na ukumbi unaanza kutikisika.

Mpiga gitaa ni Jaozandry, kiongozi wa bendi ya Riaka. Gitaa lake linatetema na kukimbia, namna ya roki ya mawimbi waliyoianza vijana wa California miaka ya sitini. Nyuma yake Koulsoum anachapa ngoma za salegi, muziki wa huku kaskazini-magharibi. Na chini kabisa, mahali ambapo bendi nyingine zingeweka gitaa la besi, inaguna tuba ya Ibouroi, mzee wa miaka sitini na mitatu. Ukisimuliwa mchanganyiko huo utabisha. Ukiusikia, miguu haikuulizi.

Ibouroi alizaliwa mtaa huu huu, katika familia yenye asili ya Komoro. Baada ya ghasia za mwisho wa 1976, Wakomoro wengi walipouawa na wengine kuondoka, wazazi wake walikimbilia kisiwa cha Nosy Be. Mwaka 1978 akapata kazi huko huko kisiwani, kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, wakamtia kwenye bendi ya gwaride ya kiwanda.

“Tuba haikuwa na mtu, na mimi nilikuwa na kifua,” anasema kwa Kikomoro chake, lugha ambayo Mswahili akitega sikio haimpiti yote.

Kiwanda kilipofungwa, kila mwanamuziki aliambiwa aondoke na chombo chake. Akarudi na tuba Mahajanga, na majirani wakamtania kama anauza masufuria. Jaozandry alimsikia akipiga peke yake uani, akamwingiza Riaka.

Tatizo lilikuwa moja tu. Roki ya mawimbi haina huruma, inakwenda mbio, na binadamu sharti avute hewa. Basi kila mwisho wa mzunguko wa wimbo Ibouroi huacha pengo dogo.

Ramadhani iliyopita, pengo hilo nusura limng'oe. Mazoezi yalikuwa alasiri naye amefunga, koo kavu, kifua hoi, pengo likazidi kurefuka. Aliomba yasogezwe baada ya futari. Jaozandry, ambaye si Mwislamu na ana haraka zake, akaona njia fupi: akaleta mtu wa gitaa la besi, wa mwezi mmoja tu. Haukupita muda, bendi ikaalikwa kwenye tamasha Nosy Be baada ya Idi, na wa kwenda akawa huyo wa besi.

“Nilihisi nimefukuzwa Mahajanga mara ya pili,” Ibouroi anasema. Iliuma, wala hafichi.

Kilichomrudisha ni makofi. Jamaa za Jaozandry walikuwa na sherehe mtaa wa Tanambao, na Riaka wakapiga na besi jipya bila kosa hata moja. Kina mama wakainuka kucheza, wakanyanyua mikono kama kawaida yao, mikono ikabaki hewani. Kumbe siku zote makofi yao yaliingia pale mzee anapovuta pumzi! Besi halipumui. Hakuna aliyejua aingie wapi, wakarudi kukaa mmoja mmoja.

“Nilidhani mzee anatupunguzia kasi,” Jaozandry anakiri. “Kumbe aliponyamaza ndipo watu walipoingia.”

Koulsoum alimwambia wazi kwamba bila mzee yeye haendi Nosy Be. Basi Jaozandry akaenda kwa Ibouroi, akamkuta anafuturu na mkewe, Echata. Akakaribishwa mkekani, akamiminiwa uji, na habari ya muziki haikuguswa mpaka bakuli likaisha. Mzee alimsamehe, ila alikuwa na neno.

“Wimbo utafuata kifua changu, si vidole vyako. Na Ramadhani mazoezi tunaanza baada ya futari na sala.”

Wakaenda Nosy Be, wakapiga, makofi yakarudi mahali pake. Lakini tamasha lilikuwa mjini, na safari ijayo Ibouroi anataka wafike mpaka Dzamandzar, wapige mbele ya kiwanda kilichofungwa. Wenzake wa bendi ya kiwanda wamebaki wanne, na wote wako huko.

“Watasema nimewaharibia muziki wao wa gwaride. Waseme,” anacheka. Kisha anapakata tuba vizuri. “Nikimaliza nitawapa, kila mmoja aipulize kidogo, hata aliyesahau. Ilikuwa yetu sote.”