Kipengele cha Kumwambia Mama

Miaka ile serikali iliporuhusu tena watu binafsi kufungua hospitali, zahanati zilichipuka Dodoma kama uyoga. Mtu akipata vyumba viwili na kitanda, kesho yake kibao kinaning'inia mlangoni: hapa tunazalisha. Anayezalisha ni nani, kasomea wapi, na akikosea anamjibu nani, hakuna aliyeweza kukwambia. Ndipo ikaundwa kamati ya kuandika viwango vya taaluma ya wauguzi na wakunga wa nchi nzima. Na mimi nikaitwa. Nilikuwa mkunga wa hospitali ya serikali tu, ila kwa maneno ya bosi wangu nilikuwa na mdomo wa kutosha kamati mbili.

Tulikutana katika ukumbi wa chuo kimoja pale mjini, madirisha yamefungwa. Upepo wa kiangazi wa Dodoma hauna adabu; ukifungua dirisha karatasi zinaruka na vumbi linakaa kwenye chai, ukilifunga unaiva. Sisi tulichagua kuiva. Rasimu ilikuwa ya Kiingereza, mazungumzo ya Kiswahili, na ugomvi wa lugha zote mbili. Tulibishana kama mkunga anaruhusiwa kumshona mama bila daktari, kama muuguzi msaidizi ahesabiwe muuguzi, hata kama hereni ni sehemu ya sare. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Kwa mara ya kwanza maishani niliulizwa kazi yangu inapaswa iweje, na mtu akakaa kunisikiliza.

Kipengele kilichotukwamisha nilikileta mimi. Kilisema kwamba mtoto akizaliwa na taabu, mama yake aambiwe ukweli pale pale, na yule yule aliyemshika mtoto.

Aliyekipinga alikuwa matroni mmoja aliyekaribia kustaafu, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hata wakubwa wa wizarani walimwamkia shikamoo kabla hawajaweka mikoba mezani. Akitaka kukukatalia alikuwa anavua miwani kwanza. Siku ile aliivua.

"Mwanangu," akaniambia, "mama aliyejifungua sasa hivi, kondo la nyuma bado liko ndani. Ukimwambia mtoto hapumui, anashtuka, anataka kuinuka, damu inamwagika. Nimemwona wa hivyo kwa macho yangu haya. Tulimzika yeye na mtoto wake siku moja. Ukweli unaweza kungoja, mwanangu. Damu haingoji."

Nilimjibu kwa sauti isiyomfaa mtu wa umri wake. Wenzangu walidhani ni ule mdomo wangu tu, lakini nilikuwa nimeumia. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa hakulia, tena katika hospitali ambayo mimi mwenyewe nilikuwa navaa sare yake. Nikiwa nimelala pale leba nilisikia viatu vikienda na kurudi, nikasikia bomba likifunguliwa na kufungwa. Kila nilipouliza niliambiwa, "Pumzika kwanza, sista." Nikapumzika mpaka jioni, alipoingia mama mkwe na kuanza kuzirudisha kapuni nepi tulizokuja nazo. Wanawake wa familia walikuwa wameshakwenda kuzika.

Kifo nilikizoea, kama watu wanavyozoea. Lile neno "pumzika" sikulizoea kamwe. Nilitaka mwanamke mwingine asiambiwe hivyo popote katika nchi hii, na nilitaka iandikwe.

Mwenyekiti wetu, mtu wa amani kupita kiasi, akaamua kipengele kiachwe wazi mpaka tutakaporudi kutoka kwenye majaribio. Rasimu ilikuwa ipelekwe vituoni, tukae wawili wawili tuone kama inatekelezeka. Amri ilikuwa moja: tutazame, tusiguse. Mimi nikapangwa na matroni, kwenda Kibakwe. Nilimwangalia mwenyekiti nikamwona anajifanya anatafuta kalamu.

Tulipopita Mpwapwa, Land Rover ilianza kupanda vilima, kukawa na baridi, na matroni akalala akikoroma bila wasiwasi wowote. Nikajifunika khanga nikanuna.

Kituoni tulimkuta nesi mmoja tu zamu ile, binti mchangamfu mwenye mikono myepesi. Leba alikuwapo mama mdogo wa mimba ya kwanza, mke wa mkulima wa huko vilimani, ambaye Kiswahili alikizungumza kwa kukitafuta. Tulikaa kwenye benchi na makaratasi yetu kama wasimamizi wa mtihani. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka kichwa kilipotoka na tukaona kitovu kimezunguka shingo. Nesi alikikata vizuri, sina lawama. Lakini mtoto alitoka mlegevu kama nguo iliyolowa, na papo hapo damu ya mama ikaanza kutoka nyingi kuliko kawaida. Nesi alikuwa na mikono miwili tu.

Matroni akanitupia pochi yake mapajani, na habari ya kutazama tu ikaishia hapo. Alimbeba mtoto hadi kwenye meza ya dirishani, akamfuta, akamvuta ute, akachukua kile kifuko cha mpira cha kumpulizia mtoto hewa. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Mimi nikaenda kichwani kwa mama, nikamshika mkono, huku nesi akishughulika na ile damu.

"Halii," mama akasema. Kisha kwa sauti zaidi, akiuelekea ule mgongo: "Bibi, mbona halii?"

Nilijua jibu linalokuja. Nililisubiri nimekaza meno.

"Hajalia, mwanangu," matroni akasema bila kugeuka. "Moyo wake unapiga, nausikia kwa kidole. Kupumua hajapumua mwenyewe. Nampulizia mimi."

Mama hakuinuka. Alinibana mkono hadi pete ikaniumiza, akabaki amelala, macho kwa matroni.

"Na sasa?"

"Bado. Moyo unapiga. Naendelea."

Nje kuna mtu alikuwa anapepeta mahindi, tunasikia ungo. Nesi akasema polepole kwamba kondo limetoka zima na damu inapungua.

"Na sasa, Bibi?"

"Bado, mwanangu. Niko naye."

Nilimwona matroni akiinamisha kichwa. Kisha mtoto akapiga chafya. Hakulia kilio cha kujivunia. Alipiga chafya, akanung'unika kama mzee aliyeamshwa usingizini, ndipo akalia. Matroni akasema, "Huyu ana hasira. Atapona." Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikalia kwa furaha na kwa wivu. Nasema wivu kwa sababu ulikuwepo, wivu wa kumwonea mwanamke aliyejibiwa kila alipouliza.

Tukiwa njiani kurudi sikuweza kujizuia. "Matroni, leo umenishindia hoja yangu," nikamwambia.

Akavua miwani. "Sijakushindia kitu. Mtu ananiuliza akinitazama mgongo, ningemdanganya vipi? Mgongo wangu ungemwambia." Akaifuta miwani kwa ncha ya kitenge, kwa muda mrefu. "Lakini alipouliza mara ile ya mwisho nilikuwa namwomba Mungu mtoto alie, maana nilikuwa nimeishiwa. Asingelia, ningesema nini? Hicho kipengele chako kinaniambia nimwambie mama. Maneno hakinipi. Nimezalisha tangu wewe hujazaliwa, na maneno hayo sina. Wewe unayo?"

Mdomo wa kamati mbili ukakiri ukweli. Sikuwa nayo.

Tuliporudi ukumbini ni yeye aliyeomba kipengele kirudishwe mezani. Alisimulia ya Kibakwe kwa kifupi, bila kujisifu, kisha akasema anakikubali kwa sharti moja: tuandike na maneno yenyewe, tena kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna mama atakayefiwa kwa Kiingereza. Mwenyekiti akasema viwango huwa havina mambo ya namna hiyo. Matroni akasema hivi vitakuwa nayo.

Kazi hiyo ilitushinda kuliko zile hereni. Mmoja alitaka tuseme Mungu amempenda zaidi. Mwingine akasema hapana, hilo ni la sheikh na padri, sisi tuseme bahati mbaya imetokea. Wa tatu akapendekeza tuseme amelala. Matroni akagonga meza kwa kalamu: mama akiambiwa amelala, atangoja aamke. Neno ni amefariki. Tukakubaliana, mama aambiwe mtoto wake amefariki.

"Tuongeze kama ni wa kike au wa kiume," nikasema.

Mwenyekiti akauliza, kwa nia njema kabisa, itamsaidia nini mama ikiwa mtoto ameshafariki.

"Mimi sijui wangu alikuwa nani," nikamjibu. "Mama mkwe alikataa kunitajia, akasema nikijua nitakuwa namwota. Amekufa na siri hiyo."

Yule aliyetaka tuseme amelala akainama kwenye karatasi zake. Matroni hakunipa pole wala hakunitazama kwa huruma, na ninamshukuru mpaka leo. Alivaa miwani yake, akaandika, akafuta, akaandika tena. Alipomaliza alisimama, akazunguka meza mpaka kwenye kiti changu, akavuta kiti kingine akakaa karibu nami, kama tunavyotakiwa kukaa kando ya kitanda. Akasoma, na penye wa kike au wa kiume akachagua mwenyewe.

"Mama, mtoto wako amefariki. Ni wa kike. Ungependa kumbeba?"

"Ndiyo," nikasema.